Kasuku aliyedhaniwa ameacha uji: uchambuzi wa kisa kimoja

Simu ilipigwa kwa sababu ya kelele. "Kaka, kinda wangu analia mchana kutwa, na usiku akiamka analia tena. Nimfunike tundu, au nimwache alie mpaka azoee?" Nikamuuliza dada huyo ndege ana uzito gani. Hakuwa amempima tangu amchukue. Nikamuuliza mara ya mwisho kumlisha kwa mkono ilikuwa lini, naye akajibu kwa furaha ya mzazi ambaye mwanawe ameanza kutembea: "Uji ameacha mwenyewe, kaka. Leo siku ya nne. Nilimpa sirinji akageuza kichwa, nikajua basi, amekua."

Nikamwomba ampime papo hapo, kwenye mizani ya jikoni, kabla hatujazungumza jambo jingine. Gramu 374.

Nakiandika kisa hiki kwa urefu kwa kuwa makosa yaliyomo hayakutokana na uzembe. Dada huyu aliuliza, alisoma, alifuata maelekezo aliyopewa neno kwa neno. Hata hivyo kinda alikuwa anakufa njaa mbele ya bakuli lililojaa, katika nyumba ya watu wanaompenda, na kila dalili ya njaa ilipokelewa kama dalili ya kukua.

Alivyofika

Ni kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, aliyeanguliwa kifungoni. Mguuni alikuwa na pete ya kipande kimoja, ile anayovishwa kinda akiwa mdogo kabisa na ambayo haipiti tena mguu ukishanenepa. Kwa spishi hii pete, inayoonyesha kwamba ndege hakukamatwa porini, ni jambo zito: tangu Januari 2017 kasuku wa kijivu yumo kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa kuhusu biashara ya viumbe walio hatarini, na biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini imefungwa. Upande huo hapakuwa na tatizo.

Tatizo ni kwamba alikabidhiwa akiwa na siku 78, bado akila uji mara mbili kwa siku. Msimamo wangu ni kwamba kinda asitoke kwa aliyemlea mpaka awe anakula mwenyewe na uzito wake umetulia kwa wiki mbili au zaidi. Wapo wanaoshikilia kwamba ukimlisha wewe ndipo atakupenda. Sijaona hivyo. Nimeona kasuku waliochukuliwa wakiwa wameshaacha uji zamani, wakawazoea watu wao vizuri kabisa. Na nimeona makinda waliochukuliwa mapema wakaunguzwa ndani, au wakapaliwa na uji ukaingia mapafuni, kwa sababu mikono iliyowalisha ilikuwa bado inajifunza.

Alikuja na karatasi. Mistari miwili ndiyo iliyoleta balaa: baada ya wiki moja toa mlo wa asubuhi, baada ya wiki mbili toa wa jioni. Nyuma ya karatasi hiyo hiyo kulikuwa na uzito, gramu 462 siku ya 70 na gramu 447 siku ya 78. Kalenda iliyompotosha dada na takwimu ambazo zingemwokoa kinda zilikuwa kwenye karatasi moja, ila hakuna aliyemwambia kwamba zile takwimu ziendelee kuandikwa kila siku.

Kushuka kutoka 462 hadi 447 hakukuwa na neno. Kinda wa kasuku hunenepa kupita anavyohitaji, kisha wakati wa kuanza kuruka unapofika, ambao kwa kasuku wa kijivu ni kati ya wiki ya 10 na ya 12 hivi, hamu ya kula hupungua na mwili hukonda ili mbawa ziweze kuubeba. Asilimia 10 ya uzito wa kilele inaweza kuondoka, hata 15, bila mtu kuingiwa na hofu. Porini hutoka kiotani akiwa hajui kujitafutia, na wazazi huendelea kumlisha kwa wiki kadhaa huku akiwafuata na kuona wanachokula. Kuruka hutangulia, kujilisha hufuata. Ile karatasi ilibana yote mawili ndani ya siku 14, na juu yake zikaongezeka nyumba mpya, sauti mpya na mikono mipya.

Kutoka 462 hadi 374 ni gramu 88. Hiyo ni asilimia 19.

Nilichokikuta

Alikuwa amejikunyata kwenye kona ya sakafu ya tundu, manyoya ameyatutumua, macho bado meusi ya kitoto. Aliponiona akaanza: kichwa juu na chini, mbawa zikitetemeka, na ile sauti ya kukwaruza isiyokoma. Nikamgusa kidari. Mfupa wa katikati ulikuwa umechongoka, nyama za pande zote mbili zimebonyea. Nikapapasa gole, kile kifuko kilicho chini ya shingo ambamo chakula hukaa kwanza kabla ya kushuka tumboni. Ilikuwa saa nne asubuhi, na gole lilikuwa tupu kama ngozi iliyokunjwa. Kwenye karatasi ya chini kulikuwa na vinyesi vichache vya kijani kilichokolea, vina sehemu nyeupe na maji, lakini karibu hakuna kitu kigumu. Hicho ni kinyesi cha ndege ambaye utumboni mwake mna nyongo tu.

Hapo sikutaka kuzungumzia namna ya kufundisha kula. Nilimtaka dada ampeleke kwa daktari wa mifugo anayejua ndege, siku ile ile, kwa sababu kinda asiyekula huenda anaumwa, na ukimjaza uji mzito ndege aliyekaukiwa maji unaweza kumuua. Daktari alichukua ute wa gole na kinyesi akaangalia kwa hadubini. Kuvu aina ya kandida na bakteria hupenda gole lisilomwagika vizuri. Hakukuta la kutia shaka. Alimpa kwanza maji ya kurudisha kilichopotea mwilini, akaagiza uji wa mwanzo uwe mwepesi na kidogo. Kwa hiyo tukarudi nyumbani tukiwa na jibu moja la uhakika: ndege huyu haumwi, ana njaa.

Sasa likabaki swali ambalo dada alilirudia mara tatu njiani. "Lakini kaka, mbona anakula? Kila jioni namwaga vumbi la peleti." Peleti ni vile vidonge vikavu vya chakula cha kasuku.

Vumbi, sirinji, kijiti

Bakuli lilikuwa limejazwa jana yake asubuhi. Nikachukua bakuli jingine la aina hiyo hiyo, nikalijaza peleti na alizeti hadi ukingoni kama alivyozoea, nikapima: gramu 60. Kisha nikakusanya kilichobaki kwenye lile la jana, pamoja na vipande na vumbi lote la kwenye trei na la sakafuni. Gramu 57. Kwa siku nzima kinda alikuwa amemeza gramu tatu, tena kama hizo hazikubaki kwenye nyufa za trei.

Kinda wa umri huu hutafuna kila kitu. Huvunja peleti, huzungusha kipande kwenye ulimi, hukiangusha, huchukua kingine. Ni mchezo wa lazima, ndivyo mdomo unavyojifunza kazi, lakini kusaga na kumeza ni mambo mawili tofauti na la pili huchelewa. Mbegu za alizeti ni ngumu zaidi kwake, kwani inabidi aimenye kwanza, na kinda asiyejua kumenya anaweza kushinda na mbegu ile ile asubuhi nzima. Anayetazama vumbi ataona ndege anayekula. Anayepapasa gole saa sita mchana hatadanganyika.

Suala la sirinji lilinichukua muda zaidi. Nilimwomba dada aandae uji vile vile alivyokuwa akiandaa, bila kunionyesha ustadi wowote. Alichanganya, akadondosha tone kwenye kifundo cha mkono, akasema uko sawa. Nikatumbukiza kipimajoto: digrii 40. Uji wa makinda unatakiwa uwe kati ya 39 na 41 unapoingia mdomoni, kwa hiyo hadi hapo alikuwa sahihi. Nikamwambia aendelee. Akavuta uji kwenye sirinji, akaiweka mezani, akaenda kumtoa kinda tunduni, akamkimbiza kidogo, akamfunga taulo, akambembeleza atulie, akarudi mezani. Nikaomba ile sirinji nikapima tena. Digrii 34.

Nikamuuliza kama siku zote alikuwa peke yake. Hapana, wiki ya kwanza mdogo wake ndiye aliyekuwa akimshika ndege, yeye analisha. Mdogo wake aliondoka lini? Siku mbili kabla kinda "hajaacha" uji.

Tulinyamaza wote wawili kwa muda.

Makinda wengi hukataa uji uliopoa, na walio na bidii ya kumeza hata ukiwa baridi hupata tatizo jingine, maana gole huchelewa kumwagika na kilichomo huanza kuchacha. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi: uji wa digrii 43 na kupanda huunguza gole, na jeraha hilo huweza kutoboka siku kadhaa baadaye. Mikrowevu ni hatari kwa sababu hiyo hiyo, inaacha madoa ya moto katikati ya uji vuguvugu. Ngozi ya kifundo cha mkono haiaminiki kutofautisha 36 na 40. Tangu siku ile kikombe cha uji kilikaa ndani ya bakuli la maji moto, kipimajoto kikiwa kimesimama ndani yake, na sirinji haikujazwa mpaka kinda awe tayari juu ya taulo.

Nilimrekebisha pia alipokuwa akiingizia sirinji. Alikuwa akiielekeza moja kwa moja katikati ya mdomo. Kwa ndege, mlango wa njia ya hewa uko pale nyuma ya ulimi, na koo la chakula hushuka upande wa kulia wa shingo. Ndiyo maana sirinji huwekwa upande wa kushoto wa mdomo wa ndege ikielekea kulia, na uji husukumwa tu wakati kichwa kinapotikisika juu na chini, maana katika mwendo huo njia ya hewa huwa imefungwa. Kichwa kikisimama, kidole kisimame.

Jambo la tatu nililigundua kwa kukaa kimya nusu saa nikimtazama. Kinda huyu alikatwa manyoya ya mbawa kabla hajawahi kuruka. Ndani ya tundu vijiti viwili vilikuwa juu, na mabakuli yamening'inia juu huko huko. Alipanda mara moja, akayumba, akaanguka kwa kishindo, akarudi konani. Dada alikumbuka ameanguka hivyo mara nyingi. Kwa maneno mengine, hata gramu zile tatu alizipata kwa kujikaza. Kasuku wa kijivu ni mwoga kwa asili, na kinda aliyenyimwa mbawa wakati mwili wake unajifunza kuruka huwa mzito wa miguu na mwepesi wa hofu. Sikubaliani na ukataji huo katika umri huu hata kidogo. Tulishusha kijiti kimoja mpaka kimo cha kiganja, tukatandika taulo chini, na chakula kikahamia kwenye kisahani kipana sakafuni.

Kuhusu kilio

Ndugu zake walikuwa wamemwambia kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, kwa hiyo akimwitikia kila akilia atamlea awe wa kulia. Wengine waliongeza kwamba njaa ikimbana atajifunza kula.

Hili la mwisho ndilo linaloua makinda. Ukimtazama kinda mwenye njaa kwa dakika kumi utaona kwa nini haliwezekani. Hachezei chakula. Hachunguzi kisahani. Akili yake yote iko mlangoni, anamwita mzazi. Kuomba ndiyo njia pekee anayoijua ya kupata chakula, na njaa inavyozidi ndivyo anavyoing'ang'ania. Udadisi wa kuonja kitu kipya huja baada ya kushiba, gole likiwa limejaa nusu na mwili una joto. Aliyeshiba hutembea, huokota, huonja, hutema, hurudia. Kwa hiyo kazi yetu ya kwanza katika kumwachisha uji huyu ilikuwa kumrudishia uji.

Dada aliogopa. Alidhani siku nne zote za kuvumilia kilio zingepotea. Nilimwambia, "Dada, hakuna kilichopatikana ndani ya siku hizo. Hatupotezi kitu."

Siku kumi za kwanza

Tulianza na mililita 20, mara tatu kwa siku, uji mwepesi. Siku ya pili 25, siku ya tatu 30, na kabla ya kila mlo tunapapasa gole kwanza; likiwa bado na kitu tunasubiri. Asubuhi lilitakiwa kuwa tupu kabisa, walau mara moja ndani ya saa 24. Lilikuwa tupu kila siku. Siku ya nne tukafika 35, karibu na sehemu moja ya kumi ya uzito wake, tukaishia hapo.

Mizani ilikaa karibu na tundu. Kila alfajiri, baada ya kinyesi cha kwanza na kabla ya uji, saa ile ile. Siku ya kwanza 374, ya nne 391, ya tisa 412. Kilio kilipungua siku ya tatu, na siku ya tano jirani aliuliza kama ndege amehamishwa.

Ule wakati baada ya mlo wa asubuhi, ambao zamani alikuwa akiutumia kulia, sasa alianza kuutumia kuzunguka. Hapo ndipo tulipoanza na kisahani.

Nilikosea hapa, na kosa langu liliwagharimu siku tatu. Nilimshauri dada aweke chakula laini kwanza asubuhi, kinda akiwa na hamu, kisha uji baadaye. Wapo wafugaji wanaofanya hivyo wakafanikiwa. Huyu hakuweza. Alikanyaga kisahani, akapiga kelele, akakimbilia mkono, na wakati uji ulipokuja alikuwa amechoka hata kumeza vizuri. Kwa ndege aliyewahi kuachwa na njaa, kuona asubuhi inaanza bila uji kulimrudisha kule kule. Tukageuza: nusu ya uji kwanza, mililita 18 hivi, kisha kisahani, kisha robo saa au nusu saa baadaye nusu iliyobaki kama bado anaitaka.

Njegere ya siku ya kumi na moja

Kisahani kilikuwa na vitu vidogo, laini, vya uvuguvugu na vya rangi: njegere zilizochemshwa, viazi vitamu vilivyopondwa, karoti laini, punje za mahindi, wali kidogo, maharage yaliyoiva kabisa, peleti zilizolowekwa kwa maji moto mpaka zikalegea. Dada alitaka kuponda parachichi kwa sababu ni laini, nikamzuia. Parachichi lina sumu iitwayo persini, na kwa kasuku inaweza kuua. Chokoleti, kahawa na vitunguu pia havikuingia. Chakula laini kiliondolewa baada ya saa mbili maana huchacha haraka kikiwa kwenye joto, lakini peleti kavu na shuke la uwele vilibaki siku nzima. Shuke lilimpendeza mapema, kwa sababu punje zake ni ndogo na zinatoka kwa kuvuta tu.

Sirinji nayo tuliibadili. Tulianza kutumia kijiko kilichokunjwa kingo zake, na kila siku mbili uji ukawa mzito kidogo, mpaka ndani yake tukaweza kuficha kipande cha kiazi. Kwenye kijiko ndege hutumia ulimi na mdomo wake, halishwi kwa kusukumiwa. Wengi huruka hatua hii. Mimi naiona ndiyo daraja lenyewe.

Lakini kilichofungua mlango hakikuwa kisahani wala kijiko. Kasuku hula kwa kundi. Mmoja akiokota, wengine huokota. Kinda huyu hakuwa amewahi kuona kiumbe yeyote akila isipokuwa kwa haraka, amesimama, mbali naye. Nikamwambia dada aketi chini karibu na kisahani, achukue njegere moja moja, azile polepole, asimpe. Alifanya hivyo siku nne. Siku ya 11 alinipigia kwa kunong'ona, kama vile ndege angemsikia: kinda alinyanyua mguu, akamnyang'anya njegere vidoleni, akaibana, akaimega, akameza nusu. Nusu nyingine aliitupa. Tulifurahi kana kwamba amezungumza.

Siku ya 16 ndipo tulipopata ushahidi. Saa sita mchana, kabla ya uji, gole lilikuwa na vinundu. Ukilipapasa kwa upole unasikia njegere, unasikia punje za mahindi. Uji haufanyi vinundu. Uzito ulikuwa 418, na kinyesi kilikuwa na umbo, kahawia, na safi.

Kuondoa milo, mmoja mmoja

Siku ya 20 alikataa mlo wa mchana. Sasa tulikuwa na namna ya kujua kukataa kwa aina gani. Uji ulikuwa digrii 40 kwa kipimajoto, gole limejaa vinundu, uzito 415, na yeye mwenyewe alikisukuma kijiko pembeni kwa mdomo, akarudi kwenye shuke lake. Huko ndiko kukataa kwa aliyeshiba. Tukamwalika tena kesho yake na keshokutwa, akakataa. Mlo wa mchana ukafa wenyewe.

Nilimwekea dada mstari: gramu 405. Uzito ukishuka chini ya hapo asubuhi yoyote, au ukishuka asubuhi tatu mfululizo, mlo ulioondolewa unarudi bila mjadala. Mstari huu ni wa ndege huyu, kwa mwili wake. Mwingine angekuwa na wake. Faida yake kubwa ni kwamba ulimwondolea dada mzigo wa kujiuliza kila saa kama anamtesa au anamdekeza.

Siku ya 27 akiwa na 421 alianza kuchukua vijiko viwili tu asubuhi na kuondoka, tukaacha. Siku ya 28: 414. Siku ya 29: 409. Siku ya 30: 406. Hizo ni asubuhi tatu za kushuka, na ingawa mstari wa 405 haukuvukwa, kanuni ni kanuni. Dada alitaka kusubiri siku moja zaidi kwa kuwa kinda alikuwa anacheza vizuri. Nilimkatalia. Uji wa asubuhi ukarudi kwa siku tatu, vijiko vinne vinne. Ya 33: 417. Safari hii aliuacha mwenyewe na uzito haukutikisika.

Mlo wa jioni tuliuacha mwisho kabisa, na hilo nalishauri daima. Usiku ni mrefu, kinda halali vizuri gole likiwa tupu, na mlo huu una kitu zaidi ya chakula ndani yake: joto, mkono, sauti anayoijua kabla ya giza. Ulikwisha siku ya 37, akiwa na umri wa siku 131, yaani karibu wiki ya 19. Kasuku wengi wa kijivu huacha uji kati ya wiki ya 12 na ya 16. Huyu alichelewa, na katika kisa chake kuchelewa huko kulikuwa sehemu ya kupona.

Baada ya hapo

Wiki moja hivi baadaye familia ilimhamishia tundu kubwa zaidi katika chumba kingine. Jioni ya kwanza alianza tena kutikisa kichwa na kulia ile sauti ya zamani. Dada aliniuliza kwa woga kama amerudi mwanzo. Nilimwambia apime kwanza: 422, gole limejaa. Hakuwa na njaa, alikuwa na hofu. Alipewa vijiko vitatu vya uji mzito wa uvuguvugu jioni tatu, ya nne akavitazama tu. Kurudi nyuma namna hii hutokea baada ya ugonjwa, safari, mgeni au chumba kipya, na hakufuti kilichojengwa.

Alizeti zimepunguzwa sana; sasa ni zawadi ya mafunzo, kwa kuwa kasuku wa kijivu anayeishi kwa mbegu tupu hukosa vitamini A na kalisiamu, na upungufu wa kalisiamu kwa spishi hii unaweza kuleta degedege. Msingi wa mlo wake ni peleti, mboga za majani, mboga za rangi na matunda kidogo. Manyoya ya mbawa yanaota upya yenyewe na hayatakatwa. Ameanza kuruka kutoka kijiti cha chini hadi begani kwa dada, bila madaha, lakini hafiki sakafuni tena kwa kishindo.

Wiki ya 24 uzito wake ulikuwa 429. Sasa anapimwa mara moja kwa wiki, Jumapili alfajiri. Karatasi ya zamani bado imebandikwa ukutani juu ya mizani, upande wa nyuma ndio unaoonekana, na chini ya zile takwimu mbili za mfugaji safu ya mwandiko wa dada imejaza nafasi yote na kuendelea kwenye karatasi ya pili.